Kitanda cha mtoto cha mwaloni: mambo ya kutazama kabla hujamfungulia dalali mlango

Mwezi uliopita shangazi yangu aliyeolewa Kendu Bay alinitumia picha tatu kwa simu, na sauti moja fupi. "Baba, hebu nitazamie kitu hiki. Kuna dalali ameketi hapa barazani tangu asubuhi. Anasema ni mali ya Waingereza, mti wa mwaloni, umri wake miaka mia nne. Yuko tayari kunipa elfu kumi na tano sasa hivi. Niuze au nisiuze?"

Nilifungua picha. Niliona sanduku la mbao lenye urefu wa kama mkono mmoja, pana upande wa kichwa na jembamba upande wa miguu. Upande wa kichwa lina kipaa kidogo, ubavuni limechongwa maua na majani, na chini limekaa juu ya mbao mbili zilizopinda kama mwezi mchanga. Kwa mara ya kwanza nilidhani ni jeneza la mtoto, nikashtuka. Kisha nikaelewa. Ni kitanda cha kubembezea mtoto mchanga, kwa namna waliyokuwa wakikitengeneza Waingereza wa kale.

Nikamjibu, "Shangazi, mpe chai, umwambie arudi Jumamosi." Sauti ya pili ikaingia kabla sijaweka simu. "Na huyu mkaza mwanangu anakaribia kujifungua. Nisipouza, nataka mjukuu alale humo."

Kwa hiyo maswali yakawa mawili: kitu hiki ni nini hasa na thamani yake iko wapi, na je, mtoto wa leo alazwe humo? Nayaandika majibu hapa kwa sababu najua si nyumba ya shangazi peke yake. Kuanzia Lamu hadi Vanga, na huko bara walikohamia jamaa zetu kwa biashara na kwa ndoa, kuna vitu vya namna hii darini na uvunguni, na madalali wanapita.

Watu wa Uingereza walilaza vipi watoto

Tuanze na kitu chenyewe. Katika karne ya 16 na ya 17, nyumba za Uingereza zilikuwa za baridi kali. Moto ulikuwa mmoja, upepo ukipenya chini ya milango, na sakafu ikiwa ya mawe au udongo. Kitanda cha mtoto kilitengenezwa kupambana na hayo. Mbavu zake ni mbao nzima bila nafasi, ili upepo usipite. Kipaa cha upande wa kichwa kinamkinga mtoto na upepo wa juu. Zile mbao mbili zilizopinda zilimwezesha mama kukibembeza kwa mguu huku mikono yake ikisokota sufi au ikishona.

Ukitazama vizuri vya zamani, utaona vifundo vya mti kwenye kingo za ubavuni. Wengi hudhani ni mapambo. Kumbe kamba au utepe ulipitishwa kutoka kifundo hadi kifundo, juu ya mtoto, ili asidondoke kinapobembezwa. Mtoto mwenyewe alikuwa amezongwa vitambaa kuanzia mabegani hadi miguuni, kwa imani kwamba viungo vyake vitanyooka. Mwaka 1748 daktari mmoja wa huko, William Cadogan, aliandika kijitabu akiwaambia wazazi waache kuwafunga watoto hivyo, wawaache wanyooshe miguu. Taratibu desturi hiyo ikapungua.

Familia zenye uwezo ndizo zilizokuwa na vitanda vya mwaloni vilivyochongwa. Juu yake waliandika mwaka, na herufi za majina ya mume na mke, kwa kuwa mara nyingi kilitengenezwa kwa ajili ya ndoa mpya, kikapokea watoto wote wa nyumba ile na wajukuu baadaye. Wasio na uwezo walitumia vya matete au fito zilizosukwa kama kikapu. Huko Plymouth, Marekani, katika jumba la makumbusho la Pilgrim Hall, kipo kimoja cha kusukwa ambacho masimulizi yanasema kilivuka bahari katika meli ya Mayflower mwaka 1620, kikamlaza Peregrine White, mtoto aliyezaliwa melini humo ikiwa imetia nanga.

Pembeni mwa kitanda palikuwa na vyombo vingine vya watoto. Kulikuwa na kiti kirefu cha kulia chakula, miguu yake ikiwa imekerezwa. Kulikuwa na kiti chenye tundu la kumfundisha mtoto haja. Na kulikuwa na kigari cha mbao chenye magurudumu, mtoto anasimamishwa katikati yake na kujifunza kutembea. Kigari hicho ni babu wa vile vya plastiki vinavyouzwa leo madukani Mombasa. Sisi tulikuwa na mkono wa bibi na kelele za "simama dede, simama dede," na watoto walitembea vilevile.

Nasi tulikuwa na vyetu

Msomaji asidhani kwamba kitanda cha mtoto ni ujuzi wa Wazungu peke yao. Sisi Waswahili tuna susu, wavu au kikapu kinachoning'inizwa. Neno hilo hutumika kwa kitu cha kutundikia vyakula panya wasivifikie, na pia kwa kitanda cha kuning'inia cha mtoto. Tuna ulili, kitanda kidogo chenye matendegu, mifumbati na vitakizo kama kitanda kikubwa. Tuna leso iliyofungwa ncha mbili kwenye kitanda cha mama, mtoto akabembezwa chini yake. Na tuna mbeleko, ambayo ndiyo kitanda kinachotembea. Majirani zetu Wagujarati nao wana ghodiyu, kitambaa kinachoning'inizwa kwenye fremu, na wengi wetu tuliwaona mama zao wakivuta kamba yake huku wakipima mchele dukani.

Hata Waingereza wenyewe walikuwa na vya kuning'inia kabla ya hivi vya kukaa chini. Kimoja mashuhuri ni cha mwaloni, kimetundikwa kati ya nguzo mbili zenye ndege wa mti juu yake. Kwa miaka mingi kiliitwa kitanda cha Mfalme Henry wa Tano, aliyezaliwa Monmouth katika miaka ya 1380. Wataalamu walipokichunguza walisema ni kazi ya mwishoni mwa karne ya 15, na Henry alikufa 1422. Kwa hiyo mfalme hakulala humo. Jina kubwa lilibandikwa baadaye, nalo likapandisha hadhi ya mbao. Hilo lishike kichwani, maana ndilo somo la kwanza kuhusu dalali: hadithi ni rahisi kubandika kuliko kuchonga.

Vilifikaje Kendu Bay?

Swali la haki ni hili: kitu cha namna hiyo kitafanya nini kando ya Ghuba ya Winam, kaunti ya Homa Bay?

Tukumbuke Kendu Bay si kijiji kilichofichika. Ni mji wa gati na maduka, wenye msikiti wake wa zamani wa Tawakal na watu waliokwisha kuchanganyika: Wajaluo Waislamu, Wahindi, na Waswahili waliopanda na reli. Reli yenyewe, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ilifika ziwani Kisumu Desemba 1901. Meli Winifred na Sybil zililetwa vipande vipande kwa gari la moshi, zikaungwa Kisumu na kuanza kuzunguka ziwa. Kuanzia hapo, sanduku lililopakiwa Uingereza liliweza kushushwa Kilindini, likapanda gari la moshi, likaingia melini na kuteremshwa kwenye ghuba bila kubebwa kichwani na mpagazi hata mmoja.

Na masanduku yalikuja. Novemba 1906 wamishonari Waadventista, Arthur Carscallen pamoja na Peter Nyambo kutoka Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, waliweka kituo chao Gendia, jirani kabisa na Kendu Bay. Mwaka huohuo shule ya Maseno ilianza upande wa pili wa ghuba. Maofisa wa serikali walikuja Kisumu na wake zao. Watoto wakazaliwa, na penye mtoto wa Kizungu palikuwa na chumba chake, vyombo vyake, na yaya wake. Neno yaya lenyewe lina safari ndefu: linatokana na neno la Kireno, likapita India, likatufikia sisi, na sasa hakuna anayelikumbuka kuwa ni geni.

Mzungu alipomaliza kazi na kurudi kwao, vyombo vizito havikurudi naye. Vilipigwa mnada, au aliwaachia waliomtumikia. Wapishi, mayaya na maboi ndio walioijua nyumba ya Mzungu kwa ndani. Karachuonyo ilitoa watu wa kazi hiyo. Aliyejulikana zaidi duniani ni Hussein Onyango Obama wa Kanyadhiang, babu yake rais wa zamani wa Marekani, ambaye aliwahi kuishi Zanzibar, akasilimu, na kwa miaka mingi alikuwa mpishi wa Wazungu. Sisemi kitanda cha shangazi kilitoka kwake. Nasema njia ilikuwepo, na watu waliipita.

Lakini kuna njia ya pili, nayo ndiyo iliyonifanya nimwambie shangazi asubiri. Kusafirisha fanicha kutoka Uingereza kulikuwa ghali. Kumwita fundi seremala, awe Mhindi wa Kisumu au kijana aliyefundishwa useremala na wamishonari, kumchorea picha na kumpa mbao za mvule, kulikuwa rahisi. Umbo likawa la Kiingereza, mti ukawa wa kwetu. Kwa picha ya simu, vitu hivyo viwili vinafanana kama pacha.

Mwaloni au mvule?

Kwa wenzetu wa Mwanza, ukisema Mwaloni watakuelekeza soko la samaki la Kirumba, kwani mwalo ni pale mitumbwi inaposhusha samaki. Mwaloni tunaousema hapa ni mti, ule uliotajwa katika Biblia ya Kiswahili kwenye habari za Ibrahimu huko Mamre. Si mti wa kwetu. Unakua polepole, mbao zake ni ngumu na nzito, na zina alama mbili ambazo mtu yeyote anaweza kuzitafuta kwa tochi.

Alama ya kwanza ni mng'ao. Gogo la mwaloni likipasuliwa kuelekea moyo wake, uso wa ubao huonyesha madoa marefu yanayometa, kama magamba ya samaki yaliyotawanyika. Mvule hauna madoa hayo. Alama ya pili ni weusi penye chuma. Mwaloni una asidi inayopambana na chuma, hivyo kila penye msumari wa zamani, mti unaouzunguka huwa mweusi kama umemwagiwa wino.

Mvule nao una siri yake, waulize mafundi. Ndani ya mbao zake hujificha vijiwe vyeupe vya chokaa ambavyo huvunja meno ya msumeno. Ukiona kijiwe cheupe kimekatwa katikati ya ubao, usibishane tena, huo ni mvule. Rangi yake huanza njano na kugeuka kahawia kadiri unavyokaa, na nyuzi zake hupishana, moja kwenda huku na nyingine kule.

Baada ya mti, tazama maungio. Seremala wa karne ya 17 alichonga ulimi kwenye ubao mmoja na tundu kwenye mwingine, akaingiza, kisha akatoboa na kupigilia kijiti cha mti kushikilia. Mafundi wa majahazi watamwelewa vizuri. Vijiti hivyo vilichongwa kwa mkono, havikuwa mviringo kamili, na baada ya miaka mingi mbao zikinywea, vichwa vyake hujitokeza kidogo. Ukipitisha kidole utavihisi.

Kisha tazama skrubu, kama zipo. Skrubu zenye ncha kali kama tuzijuazo zilianza kutengenezwa kwa mashine katikati ya karne ya 19. Kabla ya hapo ncha ilikuwa butu. Fungua moja tu. Ikiwa na ncha kali na haikubadilishwa baadaye, basi habari ya miaka mia nne imekwisha. Tazama pia chini, mahali ambapo hakuna aliyejali kupiga randa. Msumeno wa mkono huacha mikwaruzo iliyonyooka na isiyolingana. Msumeno wa mviringo wa mashine huacha mikwaruzo iliyopinda kama upinde, nao ulienea katika karne hiyohiyo ya 19.

Mwisho tazama uchakavu. Kitanda kilichobembezwa miaka mingi, mbao zake za chini zitakuwa zimelika katikati kuliko kwenye ncha. Ukingo wa ubavuni utakuwa laini pale mkono uliposhika. Kitu kilichozeeshwa na mjanja huchakaa kila mahali sawasawa, hata pale ambapo mkono wa mtu haufiki.

Hata kikiwa mwaloni kweli, bado usiruke kwa furaha. Katika karne ya 19 Waingereza matajiri walishikwa na mapenzi ya vitu vya mababu zao. Malkia Victoria mwenyewe aliagiza kitanda cha mtoto kilichochongwa na W. G. Rogers, kikaonyeshwa katika Maonyesho Makuu ya London mwaka 1851, na hicho hakikuwa cha mwaloni, kilikuwa cha mti mwingine mgumu usiokua mkubwa. Wakati huo mafundi walichukua vitanda vya zamani visivyo na nakshi wakavichonga maua upya, na wengine walitengeneza vipya wakavipa mwaka wa uongo. Nakshi nyingi inaweza kuwa dalili ya shaka. Anayejua hupendelea kitanda kisicho na maua lakini cha kweli.

Sheria inasema nini

Hapa ndipo wenye vitu wanapopunjwa, kwa sababu hawajui sheria inakinga nini na haikingi nini.

Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya mwaka 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale kitu chochote cha kuhamishika, kisichokuwa kitabu au hati, kilichotengenezwa Kenya au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Milango na miimo iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa mashariki inakingwa kama ilichongwa kabla ya 1946. Vitu hivyo havitoki nchini bila kibali. Kwa hiyo mlango wa babu yako Lamu au Mji wa Kale Mombasa una ulinzi, na anayekuja usiku na lori kuung'oa anavunja sheria, hata kama amekulipa.

Sasa piga hesabu ya Kendu Bay. Reli ilifika ziwani 1901, na mpaka 1902 eneo lote lile lilihesabiwa upande wa Uganda. Karibu kila kitanda cha Kizungu kilichofika huko kilifika baada ya 1895. Na kile kilichochongwa na fundi wa Kisumu mwaka 1920 au 1930 si kitu cha kale kwa mwaka huo wa sheria, wala si mlango. Maana yake ni kwamba vitu vingi vinavyosimulia maisha ya wazee wetu wa ziwani, wapishi, mayaya na maseremala, havina mlinzi ila mwenyewe. Ukikiuza leo, kesho kiko Nairobi, keshokutwa kiko sebuleni kwa mtu asiyejua hata Kendu Bay iko wapi, na hakuna wa kuuliza.

Simwambii mtu asiuze. Mwenye shida ya karo au ya hospitali hawezi kupewa hotuba ya turathi. Lakini uza ukijua unachouza. Kipige picha kila upande. Andika nani alikileta, alikipata wapi, nani walilala humo. Peleka picha kwa watu wa makumbusho walio karibu nawe wakupe maoni. Pata bei ya watu wawili au watatu. Na ukisikia mnunuzi anasema "leo hii, taslimu, la sivyo basi," ujue ameona kitu ambacho wewe hujakiona.

Mtoto alazwe humo?

Nilimwambia shangazi bila kuzunguka: hapana.

Haikuwa dharau kwa kitanda. Kilifanya kazi yake kwa ujuzi wa zamani zake. Lakini tunajua mambo ambayo seremala yule hakuyajua. Mwaka 1991 Uingereza iliwataka wazazi wote wawalaze watoto wachanga chali, si kifudifudi, na vifo vya ghafla vya watoto usingizini vikashuka kwa zaidi ya nusu katika miaka michache iliyofuata. Mtoto anatakiwa kulala chali, juu ya godoro gumu lililo sawa na linaloenea pembe hadi pembe, bila mito wala mablanketi mazito karibu na uso wake. Kitanda cha kale kina umbo la mtumbwi, godoro la dukani halikienei, kwa hiyo watu hujaza matandiko na mito. Hapo ndipo hatari ilipo.

Kuna rangi pia. Kitanda cha shangazi kilipakwa rangi nyeupe ambayo sasa inabambuka. Rangi za zamani mara nyingi zilichanganywa na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto hata yakiwa kidogo. Mtoto anayeota meno hutafuna kila ukingo anaoufikia. Na usichukue msasa ukaikwangua ndani ya nyumba, maana vumbi lake ndilo baya zaidi.

Tena vitanda vya kubembea hupinduka mtoto akishajifunza kujigeuza, au mwenzake wa miaka mitatu akija kumbembeza kwa nguvu za upendo. Hata vile vya fito tulivyovizoea vina kanuni. Marekani iliamuru tangu miaka ya 1970 nafasi kati ya fito isizidi takriban sentimita 6, ili mwili wa mtoto usipenye kichwa kikabaki. Pima kitanda cha mtoto ulichorithi au ulichonunua kwa fundi wa mtaani. Na kile kigari cha kutembelea, ambacho wengi tunakiona ni maendeleo, Kanada ilikipiga marufuku kabisa mwaka 2004 kwa sababu ya watoto waliotumbukia ngazini nacho.

Na kwa Kendu Bay kuna jambo ambalo seremala wa Uingereza hakulifikiria, nalo ni mbu. Kandokando ya ziwa malaria haichezewi. Kipaa cha kitanda kile kinazuia neti kushuka vizuri. Mtoto mchanga wa Homa Bay anahitaji neti yenye dawa iliyochomekwa pande zote kabla hajahitaji maua ya kuchongwa.

Jumamosi

Siku ya Jumamosi shangazi alikigeuza kitanda juu chini mbele ya dalali, akawasha tochi ya simu na kufanya kama nilivyomwelekeza. Hakukuwa na madoa ya kumeta. Hakukuwa na weusi penye misumari. Skrubu moja ilifunguliwa, ikatoka na ncha kali. Na chini ya kipaa, mahali rangi haikufika, palikuwa na kijiwe cheupe ndani ya ubao kama punje ya mchele.

Mvule, kazi ya hapahapa. Dalali alishuka kutoka elfu kumi na tano hadi elfu tatu kwa pumzi moja. Shangazi akamwongeza chai.

Alipoondoka ndipo shangazi aliponieleza ambalo hakuwahi kulisema. Baba mkwe wake alikuwa mpishi kwa Wazungu Kisumu. Walipohama walimwachia kitanda, naye akakileta nyumbani kwa meli. Watoto wake wanane walilala humo, mmoja baada ya mwingine, na wa tano ndiye mume wa shangazi, Mungu amrehemu. Baadaye kikawa cha kuwekea vitunguu. "Mimi nilitaka kukiuza kwa kuwa yule bwana alisema ni cha Mfalme," akaniambia. "Sasa najua ni cha kwetu. Kitanikaa."

Mjukuu amezaliwa salama, msichana. Analala kwenye kitanda chake kilicho sawa, ndani ya neti, kando ya mama yake. Kile cha mvule kimesimama sebuleni, kimewekewa leso zilizokunjwa. Ndani yake shangazi amebandika karatasi yenye majina manane kwa mpangilio wa kuzaliwa, aliyoyapata kwa wifi yake mkubwa, ambaye ndiye peke yake aliyekuwa bado anayakumbuka yote.

Wahenga walisema usitupe mbeleko na uzazi ungalipo. Leo au kesho, ingia darini kwenu na tochi. Ukikuta kitu, kabla hujamwita dalali, mwite mzee wa nyumba, kaa naye, na uandike atakalokwambia.